Aliyekataa Chakula Hajakataa Daktari

SOMO LA AFYA KWA WAKAZI: Usalama na matibabu wakati wa mgomo wa kususia chakula

Mtu anapotangaza hadharani kwamba hatakula mpaka kilio chake kisikizwe, macho ya wengi huelekea kwenye kilio hicho. Wanahabari huuliza anadai nini. Maafisa huuliza ataondoka lini. Wapita njia huuliza ametumwa na nani. Swali linalochelewa kuulizwa ni hili: je, leo amekunywa maji?

Somo letu linaanzia hapo. Halimhimizi mkazi yeyote kugoma, wala halimlaumu aliyegoma. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Lakini mwili haujui siasa. Ukinyimwa chakula hufuata kanuni zake wenyewe, na asiyezijua anaweza kupoteza uhai au uwezo wa kuona na kukumbuka hata baada ya madai yake kukubaliwa.

Ukimaliza somo hili utaweza:
- kueleza yanayotokea mwilini siku baada ya siku mtu anaposusia chakula;
- kutaja watu ambao mgomo huu unaweza kuwaua haraka;
- kutambua dalili zinazohitaji hospitali mara moja;
- kueleza haki za mgomaji mbele ya daktari, akiwa huru au akiwa gerezani;
- kumsaidia aliyemaliza mgomo arudi kula bila kudhurika.

1. Mgomo wa kula ni nini?

Mgomo wa kula ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu kukataa chakula kwa hiari yake, kwa muda, ili kushinikiza dai fulani. Kuna maneno mawili ya kuzingatia hapo: akili timamu na hiari. Likikosekana mojawapo, tunashughulika na jambo lingine kabisa.

Kufunga kwa ajili ya ibada, iwe Ramadhani au Kwaresima, si mgomo. Mfungaji ana saa ya kufungua na hana dai kwa serikali wala kwa mwajiri. Mtu aliyelemewa na msongo wa mawazo hadi chakula kikamshinda naye si mgomaji. Huyo ni mgonjwa anayehitaji matibabu ya akili. Na mtu anayelazimishwa na wenzake au na kiongozi wake asile, huyo ni mwathiriwa.

Kenya ilijifunza tofauti hiyo kwa uchungu mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, wengi wao wakiwa watu walioambiwa wajinyime chakula hadi kufa, watoto wakiwemo. Ule haukuwa mgomo. Hata hivyo tunautaja hapa kwa sababu mbili. Kwanza, katikati ya Aprili, polisi walipowaokoa watu 15 wa mwanzo wakiwa wamedhoofika kabisa, wanne walifariki kabla ya kufika hospitalini. Aliyekaa muda mrefu bila chakula huwa katika hatari hata baada ya mikono ya msaada kumfikia. Pili, mwezi Juni mwaka huo, manusura 65 waliokataa kula katika kituo walikohifadhiwa walifikishwa katika mahakama ya Shanzu, Mombasa, na kushtakiwa kwa jaribio la kujiua. Wengi walihoji iwapo mtu aliyedhoofika hivyo anafaa kupelekwa kizimbani au wodini. Tutalirudia swali hilo katika sehemu ya 6.

2. Mgomo uliobaki katika kumbukumbu yetu

Mgomo wa kula unaojulikana zaidi nchini ni ule wa akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Ulianza tarehe 28 Februari 1992 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Akina mama hao, wengine wazee, walidai wana wao waachiliwe. Profesa Wangari Maathai aliketi pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwatawanya kwa marungu na mabomu ya kutoa machozi. Profesa Maathai alipigwa hadi akazirai, akapelekwa hospitalini. Akina mama walihamia katika kanisa kuu la All Saints, wakaendelea na mkesha wao kwa takriban mwaka mmoja. Mapema mwaka 1993 karibu wana wao wote waliachiliwa.

Somo la kiafya la mgomo ule ni kwamba njaa si hatari pekee. Mtu aliyekaa siku kadhaa bila chakula hawezi kukimbia na huanguka kwa urahisi. Kumtawanya kwa nguvu ni kumuumiza mara mbili.

Jirani zetu wa Uganda nao wameliona jambo hili karibuni. Februari 2025 mwanasiasa Kizza Besigye, aliyekuwa mahabusu katika gereza la Luzira, alisusia chakula. Tarehe 16 mwezi huo alipelekwa kliniki katika mtaa wa Bugolobi, Kampala, hali yake ikiwa imedhoofika. Kwa aliye gerezani, mlango wa kliniki hufunguliwa na mtu mwingine. Ndiyo maana sheria na maadili ya udaktari vinamlinda kwa namna ya pekee.

3. Siku baada ya siku: mwili unafanya nini?

Maelezo haya yanamhusu mtu mzima mwenye afya njema anayekunywa maji. Mgonjwa, mzee au mtu mwembamba hufika kwenye hatari mapema zaidi.

*Siku ya 1 na ya 2.* Mwili hutumia akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli. Njaa huuma, kichwa huweza kugonga.

*Siku ya 3 hadi ya 7.* Akiba ya sukari imekwisha. Mwili huanza kuchoma mafuta na sehemu ya misuli. Pumzi hubadilika harufu. Kwa wengi maumivu ya njaa hupungua kabisa, na hapo ndipo mgomaji hujidanganya kwamba mwili umezoea. Kinachotokea ni kwamba mwili umeanza kujila.

*Wiki ya 2.* Nguvu hupungua. Mgomaji huhisi baridi, moyo hupiga polepole, na akisimama ghafla huona kizunguzungu au huanguka. Ikiwa hapimwi na mhudumu wa afya kufikia sasa, amechelewa.

*Wiki ya 3 na ya 4.* Akiba ya thiamini, yaani vitamini B1, huisha ndani ya wiki mbili hadi tatu. Vitamini hii ikikosekana ubongo huumia: macho hucheza, mtu huona kitu kimoja kama viwili, huyumba kama mlevi na kuchanganyikiwa. Uharibifu huu unaweza kubaki maisha yote. Kuna watu walionusurika migomo mirefu wakabaki bila uwezo wa kukumbuka mambo mapya.

*Wiki ya 5 na kuendelea.* Kutapika, kushindwa kumeza maji, kupoteza uwezo wa kuona au kusikia, kutokwa na damu, usingizi mzito usioisha. Kifo kinaweza kuja wakati wowote.

Mwaka 1981 wafungwa 10 walikufa katika mgomo wa kula kwenye gereza la Maze, Ireland Kaskazini. Aliyekufa mapema zaidi alikaa siku 46, na aliyechelewa zaidi siku 73. Hakuna kati yao aliyezidi miaka 30. Walikuwa vijana na walikuwa wanakunywa maji. Asiyekunywa maji kabisa hazungumzii wiki. Figo zake huanza kufeli na anaweza kufa ndani ya siku chache.

Kipimo rahisi cha kufuatilia ni uzani. Mgomaji apimwe siku ya kwanza, na uzani huo uandikwe. Akipoteza asilimia 10, kwa mfano kilo 7 kwa aliyeanza na kilo 70, anapaswa kuwa chini ya uangalizi wa karibu wa daktari. Akikaribia asilimia 18, yuko katika hatari kubwa hata kama bado anaongea na kutabasamu.

4. Ambao mgomo unaweza kuwaua haraka

Daktari atamshauri kila mmoja wa watu hawa asisusie chakula hata kwa siku chache:

- Mama mjamzito au anayenyonyesha.
- Mtoto au kijana ambaye hajafikisha miaka 18.
- Mwenye kisukari, hasa anayejidunga insulini. Dawa bila chakula inaweza kushusha sukari hadi azirai. Kuacha dawa nako kunaweza kumuua.
- Mwenye ugonjwa wa figo, moyo, ini, vidonda vya tumbo au kifafa.
- Anayetumia dawa za kifua kikuu, za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi au za shinikizo la damu.
- Aliyekuwa amekonda au mgonjwa hata kabla ya mgomo.

Mtu wa aina hii akishikilia msimamo wake, asiache dawa wala asipunguze dozi kwa kujiamulia. Amwone daktari siku hiyo hiyo. Na kwa kila mgomaji, dawa za maumivu kama diclofenac na aspirini ni hatari zinapoingia kwenye tumbo tupu. Pombe, sigara na miraa navyo huongeza mzigo kwenye moyo na tumbo.

5. Maji, chumvi, vitamini na baridi ya Eldoret

*Maji.* Angalau lita moja na nusu hadi lita mbili kwa siku, yaani chupa tatu hadi nne za nusu lita. Yawe yamechemshwa au kutibiwa, kwa sababu kuhara kwa mtu asiyekula ni janga. Anywe kidogo kidogo mchana kutwa, asingoje kiu, maana hisia ya kiu hupungua kadiri siku zinavyosonga.

*Chumvi.* Maji matupu kwa siku nyingi hupunguza chumvi katika damu na kuleta kizunguzungu na degedege. Mhudumu wa afya atamshauri mgomaji kiasi kidogo cha chumvi cha kuongeza kila siku. Wagomaji wengine hukubali pia sukari kidogo kwenye maji au chai. Huo ni uamuzi wao, nao waelezwe faida yake.

*Vitamini B1.* Hiki si chakula, na kuimeza si kuvunja mgomo. Daktari anapaswa kumpa mgomaji mapema na kumweleza kwamba inalinda ubongo wake. Jambo moja la kukumbuka: mgomaji wa siku nyingi akiwekewa dripu ya sukari kabla ya kupewa vitamini hii, ubongo wake unaweza kuumia papo hapo. Kwa hiyo anayemleta hospitalini amweleze mhudumu wa kwanza atakayemwona: "Huyu hajala kwa siku kadhaa." Sentensi hiyo inaweza kuokoa akili ya mtu.

*Baridi.* Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya usiku ambayo sisi tulioshiba tunaikabili kwa sweta moja humtetemesha asiyekula, kwa sababu mwili wake hauna cha kuchoma ili kupata joto. Anayelala nje kwenye turubai anahitaji kitu cha kumtenga na ardhi, blanketi zaidi ya moja, soksi na kofia. Mvua ikinyesha ahamishiwe mahali pakavu. Kumpa blanketi si kuunga mkono wala kupinga dai lake.

*Mapumziko.* Asitembee mwendo mrefu, asisimame kwenye jua, asiinuke ghafla, na asiende msalani peke yake baada ya wiki ya kwanza.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona:
- anatapika au hawezi kumeza maji;
- hajakojoa kwa saa 12, au mkojo ni mweusi kama chai ya rangi;
- anazirai, maumivu ya kifua, au moyo kwenda mbio au kusitasita;
- anaona vitu viwili viwili, anayumba, au maneno yake hayaeleweki;
- degedege, au usingizi usioamshika;
- anatokwa na damu popote.

Hospitali za kaunti ndogo kama Huruma, Ziwa, Turbo na Burnt Forest zinaweza kumpokea na kumtuliza kabla ya kumpeleka Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi ikihitajika. Nambari ya bila malipo ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Dai lake, kabila lake au chama chake si sababu ya kumrudisha getini.

6. Mgomaji, daktari na sheria

Madaktari duniani wana mwongozo mmoja mkuu kuhusu jambo hili: Azimio la Malta la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mwaka 1991 na kufanyiwa marekebisho ya mwisho mwaka 2017. Yaliyomo yanaweza kufupishwa hivi.

*Daktari azungumze na mgomaji faraghani.* Askari, jamaa na wagomaji wenzake wakae mbali. Lengo ni kujua kama anagoma kwa hiari. Kuna watu ambao wangependa kula lakini wanaogopa kuitwa wasaliti. Daktari akimkuta mtu kama huyo anaweza kumsaidia kutoka kwa heshima, kwa mfano kwa kumlaza kwa sababu za kiafya bila kumwaibisha. Akihitajika mkalimani, asiwe askari wala mgomaji mwenzake.

*Daktari apime akili na mwili wake.* Amweleze wazi madhara yanayokuja, kwa lugha anayoielewa. Mgomaji aliyeelezwa ukweli ana nafasi ya kubadili nia. Aliyefichwa hana.

*Siri ibaki siri.* Anayoyasema mgomaji kwa daktari si ya kupelekewa mwajiri, afisa wa gereza wala mwanahabari bila idhini yake, isipokuwa pale ambapo kunyamaza kungemweka mtu katika hatari kubwa ya karibu.

*Maagizo ya mapema.* Mgomaji aulizwe angali na fahamu zake: ukizirai, unataka tufanye nini? Jibu liandikwe, na kila siku aulizwe kama bado ni lile lile. Akipoteza fahamu bila kuacha maagizo, daktari hufanya anachoona kina manufaa zaidi kwake. Aliyeacha maagizo kwa hiari na kwa kuelewa, maagizo yake yanapaswa kuheshimiwa.

*Kulisha kwa nguvu si matibabu.* Azimio linasema wazi kwamba kumlisha kwa nguvu mtu mwenye akili timamu anayekataa hakukubaliki kimaadili, hata nia ikiwa njema. Sababu si ya heshima pekee. Mwaka 1917 huko Dublin mfungwa Thomas Ashe alikufa baada ya kulishwa kwa mrija kwa nguvu. Mrija unaoingizwa kwa mtu anayepigana unaweza kupeleka chakula kwenye mapafu.

Daktari ambaye dhamiri yake haimruhusu kufuata uamuzi wa mgomaji aseme hivyo mapema, ili mwingine achukue nafasi yake. Asikae kimya mpaka mgonjwa azirai.

Sheria za Kenya nazo zinaelekea huko. Kifungu cha 28 cha Katiba kinalinda utu wa kila mtu. Kifungu cha 29 kinakataza mateso na kutendewa kikatili. Kifungu cha 51 kinamhakikishia aliyezuiliwa au kufungwa haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezi kwenda pamoja na kuzuiliwa kwake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na atoe idhini kabla ya kutibiwa, isipokuwa katika hali zilizotajwa kisheria. Magereza yako chini ya serikali ya kitaifa na hospitali za kaunti chini ya kaunti, lakini mgonjwa akivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine haki zake huvuka naye.

Na swali la Shanzu? Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Aliye na mawazo ya kujidhuru anahitaji huduma, na jamaa yake asiogope kumleta hospitalini kwa hofu ya kesi. Mgomaji wa kawaida, kwa upande wake, hataki kufa; anataka kusikizwa. Ni kazi ya mhudumu aliyefunzwa kutofautisha hao wawili. Si kazi ya umati.

7. Mlo wa kwanza: hatari inayokuja na furaha

Hii ndiyo sehemu tunayomwomba kila msomaji aisome mara mbili.

Tuchukue mfano wa kijana aliyesusia chakula kwa siku 12. Dai lake limekubaliwa. Nyumbani wamechinja. Hapa kwetu mshindi akitua uwanja wa ndege hupokewa kwa kibuyu cha mursik, kwa hiyo na huyu anapokewa hivyo, kisha anawekewa sahani ya ugali, nyama na viazi. Anakula kwa furaha. Siku mbili baadaye miguu imevimba, anahema, moyo unasitasita. Jamaa wanasema ametiliwa sumu. Hakuna sumu. Ni chakula.

Linalotokea ni hili. Katika siku za njaa akiba ya madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu hupungua mwilini bila kuonekana. Chakula kingi, hasa cha wanga na sukari, kinaporudi ghafla, homoni ya insulini hupanda na chembe za mwili huyanyonya madini hayo kutoka kwenye damu. Moyo, mapafu na ubongo hubaki bila madini ya kuviendesha. Mtu anaweza kufa akiwa ameshiba. Mwaka 1945 wanajeshi waliokomboa kambi za mateso za Wanazi waliwapa chakula kizito watu waliokuwa mifupa mitupu. Walifanya hivyo kwa huruma, na baadhi ya watu hao wakafa.

Akina mama waliowahi kulazwa na mtoto mwenye utapiamlo mkali wanaijua kanuni hii. Mtoto huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75, mepesi na kwa vipimo, kabla ya kupandishwa hadi F-100. Mtu mzima aliyetoka kwenye mgomo anahitaji subira hiyo hiyo:

- *Chini ya siku 5 bila kula, na alikuwa na afya njema:* aanze na uji mwepesi, supu na ndizi, kiasi kidogo mara nyingi kwa siku.
- *Zaidi ya siku 5:* apimwe kwanza na mhudumu wa afya. Siku mbili za mwanzo asizidishe nusu ya chakula chake cha kawaida.
- *Zaidi ya siku 10:* aanzie kula hospitalini. Damu ipimwe madini, apewe vitamini B1 kabla ya chakula, kisha aanzishiwe takriban kalori 10 kwa kila kilo ya uzani kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kalori 600, na sahani moja iliyojaa ya ugali na nyama inaweza kupita kiasi hicho. Aliyepita wiki mbili huenda akaanzishiwa nusu ya hapo.

Siku tano za kwanza ndizo nyeti zaidi. Mursik na nyama vitangoja. Sherehe ifanyike, nyimbo ziimbwe, lakini sahani ya shujaa iandaliwe na mtaalamu wa lishe.

8. Wewe unaweza kufanya nini?

*Kama ni mzazi au ndugu:* usimfokee, usimfichie chakula kwenye maji wala chai. Akigundua hatakuamini tena, na ataacha hata maji. Kaa naye. Muulize amekunywa chupa ngapi. Andika uzani na dawa anazotumia.

*Kama ni mhamasishaji wa afya ya jamii:* fika mapema, pima shinikizo la damu, toa taarifa kwenye kituo chako. Usiulize dai lake ni la haki au la.

*Kama ni kiongozi wa wagomaji:* hakikisha kila mmoja anaweza kuacha bila kuzomewa. Toa orodha ya walio na magonjwa, na uwaondoe kwenye mgomo.

*Kama ni afisa wa usalama:* acha njia ya gari la wagonjwa wazi na usiwanyime maji. Mtu aliyelala kwa udhaifu si lazima awe anakaidi amri.

*Kama ni mwajiri, afisa wa serikali au kiongozi anayedaiwa:* usingoje wiki ya tatu. Kumsikiliza mtu angali na nguvu za kuongea hakugharimu chochote, na mara nyingi ndiyo tiba inayomaliza mgomo.

Maswali ya kujipima

1. Mgomaji wa siku ya nne anasema hahisi njaa tena. Je, yuko salama?
2. Unamleta hospitalini mtu ambaye hajala kwa siku 18. Utamwambia nini mhudumu wa kwanza?
3. Je, kumeza vitamini B1 ni kuvunja mgomo?
4. Jirani yako amemaliza mgomo wa siku 11 na anaomba ugali. Utafanya nini?
5. Daktari anapozungumza na mgomaji aliye gerezani, nani hapaswi kuwapo?

Majibu

1. Hapana. Mwili umeanza kutumia mafuta na misuli yake.
2. Kwamba hajala kwa siku 18, ili apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari na kabla ya chakula.
3. La. Si chakula, ni kinga ya ubongo.
4. Utampeleka hospitalini aanze kula chini ya uangalizi.
5. Askari, jamaa na wagomaji wenzake.

Kata sehemu ya dalili za hatari uibandike ukutani, au uisome kwa sauti katika baraza lijalo la mtaa wako. Siku mtu atakapoketi chini na kusema hali tena, anayepita karibu naye ajue la kuuliza kwanza.